Sura ya 7: Mwani Mdogo Kati ya Bomba la Majitaka na Bomba la Moshi

Aliyekaa Kisumu ameshauona ukijani wa Ghuba ya Winam. Kuna misimu ambapo maji ya ziwa hubadilika rangi, yakawa mazito, yakanuka, na wavuvi wakarudi na nyavu tupu. Mtu huyo akisikia redioni kwamba wataalamu wanaufuga ukijani wa namna hiyo kwa makusudi, ili usafishe majitaka ya viwanda na kumeza moshi wao, anauliza swali la haki kabisa: kinachochafua ziwa kitasafishaje maji? Na jirani yake anaongeza la pili: hata kama kinasafisha maji, kweli kinaweza kumaliza moshi wa kiwanda cha saruji?

Swali la kwanza jibu lake ni ndiyo, na ushahidi una zaidi ya miaka 60. La pili halijibiwi kwa ndiyo wala hapana. Linajibiwa kwa hesabu, na hesabu hiyo ni nadra kuikuta kwenye vipeperushi vya wauza mitambo. Tutaifanya hapa, tena kwa namba ambazo msomaji anaweza kuzihakiki kwa kikokotoo cha simu.

Kiumbe chenyewe

Wasomaji wa Pwani wakisikia mwani hufikiria ule wa Paje na Jambiani, ambao akina mama huufunga kwenye kamba, wakangoja maji yakupwe, wakauvuna na kuuanika. Tunaouzungumzia ni jamaa wake asiyeonekana kwa macho. Kila mmoja ni seli moja, au seli chache zilizoshikana. Aina nyingi ni ndogo kiasi kwamba seli 100 zikipangwa mstari mmoja hazifiki milimita 1. Hauna mzizi, shina wala jani. Katika sura hii tutauita mwani mdogo.

Aina zinazofugwa sana ni *Chlorella* na *Scenedesmus*. Nyingine ni spirulina, ambayo kwa uainishaji wa wanasayansi ni bakteria, lakini kwa kuwa kazi yake ni ileile huhesabiwa pamoja na mwani. Spirulina si mgeni kwetu. Ndiyo chakula kikuu cha heroe wadogo, wale flamingo wa waridi wanaofunika Ziwa Bogoria kwa maelfu na kuzaliana Ziwa Natron. Inastawi kwenye maji ya magadi ambayo samaki wengi hawawezi kuishi ndani yake.

Mwani mdogo unahitaji vitu vitatu: mwanga wa jua, mbolea, na hewa ukaa. Mbolea hapa ni hasa nitrojeni na fosforasi, vilevile vilivyomo kwenye mfuko wa DAP. Hewa ukaa ni gesi ya kaboni dioksidi, ile tunayoitoa tukipumua na inayotoka kila tunapochoma mkaa, dizeli au makaa ya mawe. Kwa nguvu ya jua, mwani unaifyonza gesi hiyo, unachukua kaboni na kujengea mwili wake, kisha unaachia oksijeni. Kazi hii huitwa usanisinuru, na ndiyo inayofanywa na mhindi shambani au mwembe uani.

Sasa jibu la swali la kwanza. Ziwani, mbolea inayotoka mashambani, vyooni na viwandani hulisha mwani bila kipimo. Mwani unajaa, unakufa, unazama. Bakteria wanauozesha na katika kuuozesha wanamaliza oksijeni ya maji, samaki wakakosa pumzi. Baadhi ya aina pia hutoa sumu. Bwawani mambo hugeuzwa: mwani unalishwa mbolea ileile *kabla* haijafika ziwani, halafu unatolewa kwenye maji. Kutolewa huko ndiko kunakoleta tofauti yote. Bwawa ambalo mwani wake hauvunwi linauhamishia mto tatizo lake, likiwa limebadilishwa rangi tu.

Kutwa nzima bwawani

Nchi zetu zina mabwawa ya majitaka yanayotumia mwani, ingawa wengi wanaopita karibu nayo huona maji ya kijani tu. Vingunguti, Dar es Salaam, yapo. Yale ya Dandora, yaliyoko Ruai mashariki mwa Nairobi, ni miongoni mwa makubwa zaidi barani Afrika. Maji yanayotoka humo huingia Mto Nairobi, yakajiunga na Athi, na mto huo ukibadilisha jina kuwa Galana na kisha Sabaki huishia baharini kaskazini ya Malindi. Kwa hiyo kazi inayofanywa na mwani wa Ruai inamhusu hata mvuvi wa Mambrui.

Fika kwenye bwawa la namna hiyo alfajiri, chota maji kwenye glasi. Yana rangi ya kijani iliyofifia na oksijeni yake ni haba, kwa sababu usiku kucha mwani na bakteria wote walikuwa wakipumua na hakuna aliyeitengeneza. Jua likichomoza, usanisinuru unaanza. Kufika saa nne asubuhi oksijeni inapanda haraka. Saa saba mchana maji yana oksijeni kupita kiasi yanachoweza kushika, na ukiitazama glasi yako kwa karibu unaona viputo vidogo vikijishika kwenye ukuta wake na kupanda. Bakteria wanaichukua oksijeni hiyo na kuchakata uchafu. Katika kuuchakata wanatoa hewa ukaa. Mwani unaidaka hewa ukaa hiyo kabla haijaondoka. Kila upande unaishi kwa makombo ya mwenzake.

Mchana huohuo kuna jambo jingine linalotokea kimyakimya. Mwani unapofyonza hewa ukaa, maji yanazidi kuwa na umagadi. Wataalamu hupima hali hii kwa kipimo kiitwacho pH: 7 ni katikati, chini yake ni uchachu, juu yake ni umagadi. Bwawa lenye mwani mwingi hupita 9 wakati wa jua kali. Katika umagadi huo, pamoja na mwanga na oksijeni nyingi, bakteria wengi wa kinyesi hufa. Hakuna klorini iliyotiwa wala umeme uliowashwa.

Aliyeigeuza hali hii ya asili kuwa uhandisi ni William Oswald, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kuanzia miaka ya 1950 yeye na wenzake walionyesha kwamba ukilifanya bwawa liwe na kina kifupi, sentimita 30 hadi 50 tu, ukalipa umbo la uwanja wa mbio, na ukaweka gurudumu la makasia linalosukuma maji polepole, kila seli hupata zamu yake ya jua. Maji ambayo kwenye bwawa la kawaida yangekaa wiki kadhaa hapa humaliza kazi kwa siku chache. Gurudumu hilo hula umeme kidogo sana. Huku mitambo ya kisasa ya mjini, ile inayopuliza hewa ndani ya matangi kwa mashine, hutumia takriban nusu ya umeme wake wote kwa upulizaji huo peke yake, na mingine zaidi. Mwani unaitoa oksijeni bure. Kumbuka jambo hili; tutalirudia tukifika kwenye hewa ukaa.

Majitaka ya kiwanda hayafanani

Majitaka ya nyumbani yanafanana mji hadi mji. Ya viwandani hutofautiana kiwanda hadi kiwanda, na miradi mingi huharibika kwa mtu kudhani mwani unakula chochote unachopewa.

- *Bia, maziwa, samaki, nyama.* Haya ndiyo mazuri. Yamejaa mabaki ya chakula, yana nitrojeni na fosforasi, na kwa kawaida hayana sumu. Yakipitishwa kwanza kwenye hatua ya kuozeshwa, mwani unayapenda.
- *Sukari na pombe kali.* Maji yanayobaki baada ya kutonesha spiriti ni meusi. Mwanga haupenyi, na penye giza mwani haufanyi kazi. Lazima yachakatwe kwanza, kisha yachanganywe na maji mengine.
- *Nguo.* Rangi ni tatizo lilelile la giza, tena nyingi zimetengenezwa makusudi zisiharibiwe na jua wala sabuni.
- *Ngozi na madini.* Hapa kuna metali nzito, kama kromiamu ya kusindikia ngozi au zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu.

Hilo la mwisho linahitaji maneno zaidi, maana ndilo linalopotoshwa kuliko yote. Ni kweli ukuta wa seli ya mwani hunasa metali. Maji yanatoka na metali kidogo kuliko yalivyoingia. Lakini metali haiozi. Imehama kutoka kwenye maji ikakaa ndani ya mwani, na mwani huo sasa ni taka hatari inayotakiwa kuhifadhiwa kwa uangalifu. Anayeusaga na kuwapa kuku au kambale anairudisha zebaki mezani kwetu. Mwani uliosafisha maji ya kiwanda cha ngozi haufai kuwa chakula cha kiumbe chochote, na asiwepo wa kukushawishi vinginevyo.

Hesabu ya moshi

Tuje kwa jirani na swali lake la saruji.

Mwani mkavu, kwa uzito, karibu nusu yake ni kaboni. Kaboni hiyo yote ilitoka kwenye hewa ukaa au kwenye uchafu uliochakatwa. Ukipiga hesabu ya uzito wa kaboni ndani ya gesi hiyo, unapata kwamba kilo 1 ya mwani mkavu imetumia takriban kilo 1.8 za hewa ukaa. Namba hii ni nzuri, na ndiyo inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye matangazo.

Lakini mwani hukua juu ya eneo. Bwawa linalotunzwa vizuri chini ya jua letu linaweza kutoa wastani wa gramu 20 za mwani mkavu kwa kila mita ya mraba kwa siku. Hekta 1, basi, ni kilo 200 kwa siku, au tani 73 kwa mwaka, na hewa ukaa iliyofyonzwa ni tani 130 hivi. Kiwanda cha saruji kinachotoa tani milioni 1 za saruji kwa mwaka humwaga takriban tani 600,000 za hewa ukaa. Gawanya: unahitaji hekta zaidi ya 4,500 za mabwawa, yaani kilomita za mraba 45, tambarare, zenye maji, karibu na bomba la moshi. Na hapo tumedhani kwamba hakuna gesi hata kidogo inayoponyoka, na tumesahau kwamba mwani hulala usiku ilhali tanuri ya saruji haizimwi.

Usiku unaweza kupunguziwa makali. Maji yenye magadi hushika hewa ukaa nyingi na kuitunza hadi asubuhi, na spirulina, mkazi wa magadi, huichukua humo jua likitoka. Ni njia nzuri, nami naamini nchi zenye maziwa ya Magadi na Natron zingepaswa kuitafiti kwa bidii kuliko zinavyofanya. Ila haipunguzi eneo.

Fanya pia hesabu ya upande wa mbolea. Majitaka ya watu 10,000, kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku, ni mita za ujazo 1,000. Kwa nitrojeni iliyomo, kila mita ya ujazo inaweza kulisha karibu nusu kilo ya mwani. Jumla kilo 500 kwa siku. Hewa ukaa kilo 900. Lita 1 ya dizeli ikiungua hutoa kilo 2.7 hivi. Kwa hiyo majitaka ya mji mdogo mzima, mbolea yake yote ikiliwa na mwani, yanafuta moshi wa lita 330 hivi za dizeli kwa siku. Lori moja la mizigo la Dar kwenda Tunduma linaweza kumaliza kiasi hicho safarini. Ukitaka kupata mwani zaidi ya hapo utanunua mbolea ya kiwandani, na mbolea hiyo yenyewe imetengenezwa kwa gesi asilia na moto.

*Kwa ufupi hadi hapa:* mwani unasafisha maji kwa ufanisi mkubwa na gharama ndogo ya umeme. Hewa ukaa unaifyonza kweli, lakini kwa kiasi kinachobanwa na ukubwa wa eneo na wingi wa mbolea.

Ng'ombe kaliwa, mkia umebaki

Tatizo linalowashinda wengi huja baada ya mwani kukua vizuri. Lita 1,000 za maji ya bwawa zina kama nusu kilo tu ya mwani mkavu. Ni sawa na kutumbukiza pakiti ndogo ya unga kwenye tangi la nyumbani, ukakoroga, kisha ukaambiwa uutoe wote, tena unga wenyewe uko hai na hautaki kuzama. Kitambaa hakiushiki. Mashine za kuzungusha kwa kasi hutenganisha vizuri, lakini umeme wake unaweza kula faida yote. Njia za bei nafuu ni kuusaidia mwani ushikane madonge uzame wenyewe, au kutia kemikali za kuugandisha.

Marekani walijifunza ugumu huu kwa gharama. Kati ya 1978 na 1996 serikali yao iliendesha mpango mrefu wa utafiti wa mwani kwa ajili ya mafuta, mabwawa ya majaribio yakichimbwa hadi Roswell, New Mexico. Walihitimisha kwamba kitaalamu inawezekana, ila mafuta yake ni ghali mno kushindana na petroli. Baadaye kampuni ya GreenFuel, iliyoanzishwa 2001 huko Massachusetts, ilivuta macho ya dunia kwa kuunganisha mwani na mabomba ya moshi. Mwaka 2007, kwenye kituo cha umeme cha Redhawk, Arizona, mwani wao ulikua haraka kuliko walivyoweza kuuvuna, na gharama ya mfumo ikaonekana kuwa maradufu ya ilivyopangwa. Mwaka 2009 kampuni ilifungwa. Mwani haukuwa na kosa lolote. Walianza na moshi, wakauacha uvunaji mwisho.

Linganisha na walioanza na maji. Christchurch, New Zealand, taasisi ya utafiti ya NIWA ilijenga hekta 5 za mabwawa ya aina ya Oswald kwenye mtambo wa majitaka ya jiji. Chiclana, kusini mwa Hispania, mradi ulioanza 2011 kwa fedha za Umoja wa Ulaya ulikuza mwani kwenye majitaka ya mji, ukauozesha kupata biogesi, na magari yakaendeshwa kwa gesi hiyo. Mwani hapo haukutakiwa ujilipie kila kitu. Maji yalikuwa lazima yasafishwe hata hivyo.

Kaboni inaishia wapi?

Hili ndilo ambalo msomaji anapaswa kulishikilia. Kufyonza hewa ukaa si kuizika. Mwani ukichomwa, ukiliwa na ng'ombe, au ukigeuzwa mafuta ya gari, kaboni inarudi angani ndani ya siku au miezi. Faida ipo pale tu ambapo kitu hicho kimechukua nafasi ya kingine kichafu zaidi: biogesi badala ya dizeli, mbolea ya mwani badala ya mfuko wa urea.

Na faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, haimo hata ndani ya mwani. Imo kwenye umeme ambao haukutumika kupuliza hewa. Imo pia kwenye methani, gesi inayotoka majitaka yanapooza penye ukosefu wa oksijeni, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 huipasha dunia joto karibu mara 28 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa. Kiwanda kinachofunika shimo lake la kuozeshea na kuidaka methani hiyo kimeitendea anga wema mkubwa hata kabla ya kupanda seli moja ya mwani.

Mahali pa kuanzia: mkonge

Kama ningeulizwa tuanze wapi, ningesema Tanga. Jani la mkonge likipita kwenye korona, yaani mashine ya kutolea nyuzi, asilimia 4 hivi tu hutoka ikiwa nyuzi. Mengine yote ni majimaji na makapi, yaliyooshwa kwa maji mengi na kwa miaka mingi yakaachiwa yatiririke kuelekea mitoni, yakiwa machachu na yenye kumaliza oksijeni. Hale, wilayani Korogwe, tayari walionyesha kwamba makapi hayo yanazalisha biogesi na umeme.

Biogesi ni takriban asilimia 60 methani. Inayobaki karibu yote ni hewa ukaa. Hewa ukaa huyeyuka kwenye maji kwa urahisi kuliko methani. Ukiipitisha biogesi kwenye mnara wa maji yaliyotoka bwawa la mwani, maji yanabeba hewa ukaa kuirudisha kwa mwani, na gesi inayobaki inawaka vizuri zaidi. Mnara lazima uwe peke yake, ili oksijeni ya mwani isikutane na methani kwa wingi, maana mchanganyiko huo hulipuka. Majimaji yaliyooza, yenye nitrojeni na fosforasi, yanachanganywa na maji ya kuoshea ili mwanga upenye, kisha yanakwenda bwawani. Hakuna kromiamu humo, hakuna rangi ya nguo, ardhi ipo, jua lipo, na mwani unaovunwa unarudi shambani kuwa mbolea ya mkonge uleule.

Ukiletewa mradi

Huenda wewe ni diwani, mwenye kiwanda, au mkazi wa karibu na bomba la majitaka, na siku moja utaalikwa kwenye ukumbi wenye picha nzuri za mabwawa ya kijani. Uliza haya, na usikubali jibu la mdomo:

1. Maji yanaingia na nini ndani yake, na nani atayapima yakitoka, kila mwezi?
2. Mwani utavunwaje, kwa umeme kiasi gani?
3. Baada ya kuvunwa unakwenda wapi, na umepimwa metali?
4. Tani za hewa ukaa mnazozitaja zimegawanywa kwa hekta ngapi?

Mradi wenye majibu ya matatu ya kwanza unastahili kuungwa mkono hata kama la nne litaonyesha tani chache. Mradi wenye jibu la nne peke yake ukataliwe, na fedha zake zijenge bwawa la kawaida lenye uzio na mtu wa kulitunza.